Kupiganisha Wanyama kwa Mchezo

Mtu akikemewa kwa ajili ya kupiganisha majogoo, au mbwa, au mafahali, mara hujibu: "Mimi nimefanya nini? Hao hupigana wenyewe. Ndiyo tabia waliyoumbiwa." Neno hili lina sura ya kweli, na kwa sababu hiyo yafaa tulipime, wala tusilipite upesi.

Ni kweli, majogoo hupigana. Lakini, msomaji, watazame uani kwako. Wawili hurukiana, manyoya hupukutika, na baada ya kitambo kidogo mmoja hukimbilia chini ya ghala. Naye mwenzake huwika, na mambo yamekwisha. Basi mwenye mchezo hufanya nini? Huwatia wote wawili katika uwanja uliozungushiwa ua, huwafunga vyuma vikali miguuni, na njia ya kukimbia huiziba. Kupigana ni kwao. Kukosa pa kukimbilia ni kazi ya mtu. Hapo ndipo ukatili ulipo, nami naona wengi huutafuta mahali pengine.

Huko Kakamega, katika nchi ya Kenya, mafahali hupiganishwa hata leo, watu wakipiga ngoma na kelele. Fahali akigeuka na kukimbia, mchezo umekwisha. Haki yao na wapewe: mlango haukufungwa wote. Walakini fahali yule hakuondoka malishoni kwa shauri lake mwenyewe, wala hakumchagua adui yake.

Walioufunga mlango kabisa ni Warumi. Mwaka 55 kabla ya kuzaliwa Kristo, Pompeius, jemadari wao, aliwafanyia watu wa mji michezo mikubwa, na siku ya mwisho wakaletwa tembo ili wapigane na watu wenye mikuki. Tembo wakajaribu kuuvunja ua wa chuma, wasiweze. Mwandishi Plinius asimulia ya kwamba, walipokata tamaa ya kukimbia, waliwaelekea watazamaji kama wanaoomba rehema, wakilia kwa sauti ya maombolezo. Hata watu wote wakasimama wakitoka machozi, wakamlaani Pompeius aliyewaandalia furaha ile. Cicero naye alikuwapo. Akamwandikia rafiki yake ya kuwa watu waliona moyoni kwamba mnyama yule ana ujamaa fulani na wanadamu.

Ungedhani mji uliolia hivyo hautarudia tena. Ukarudia. Mwaka 80 baada ya Kristo, Kaisari Titus alipouzindua uwanja mkubwa uitwao Colosseum, michezo ilidumu siku mia, na Cassius Dio aandika ya kuwa wanyama wapata 9,000 waliuawa. Machozi ni kitu chema, lakini hukauka upesi. Na mtu aliyelia jana hununua mkate wake leo na kwenda kuketi palepale.

Huko Uingereza desturi ilikuwa kumfunga fahali kwa kamba kwenye kigingi, kisha kumfungulia mbwa wamkamate pua. Mwaka 1800 shauri lililetwa Bungeni kuikomesha desturi hiyo, likashindwa kwa kura mbili tu. Aliyelipinga kwa nguvu ni William Windham. Alisema matajiri wana uwindaji wao, wawinda kwa farasi na mbwa wala hakuna awazuiaye. Mbona maskini anyang'anywe mchezo wake mmoja? Neno hilo lilikuwa la werevu, na nusu yake ni haki: si vema kumkataza maskini jambo na kumwachia tajiri. Lakini kama mizani imepotoka, njia ya kuisawazisha ni kumzuia tajiri pia, si kumwacha fahali kigingini. Windham hakulitaka hilo, kwa maana haja yake ilikuwa kulishinda shauri, na akalishinda.

Miaka 35 ikapita. Mwaka 1835 mbunge Joseph Pease, mtu wa Kanisa la Marafiki, alileta shauri tena, na safari hii sheria ikakubaliwa: fahali, dubu na majogoo wasipiganishwe tena katika viwanja. Juu ya uwindaji wa matajiri sheria ile haikusema neno. Mbweha wa Uingereza na Wales waliendelea kukimbizwa na makundi ya mbwa hata mwaka 2005, sheria ya kuukataza uwindaji huo ilipoanza kushika.