Fumbo la Gemu na Fumbo la Imani

Tafakari kwa vijana. Masomo ya kusoma: Luka 13:1-5, Yohane 9:1-3, Yohane 18:20



Kijana mwenzangu wa Mbulu, wa Hanang, na popote unaposomea tafakari hii, leo tuanze na kitu ambacho wengi wenu mnakijua kuliko mapadre wenu: Elden Ring.

Kwa wale wasioijua, ni gemu ya kampuni ya Kijapani ya FromSoftware. Ilitoka Februari 2022 chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki, yule yule aliyeongoza Dark Souls ya mwaka 2011. Historia ya kale ya ulimwengu wake ilitungwa na mwandishi Mmarekani George R. R. Martin. Ni ulimwengu wa giza: ufalme umevunjika, watoto wa malkia wanapigana wao kwa wao, na mti mkubwa wa dhahabu unang'aa juu ya nchi iliyooza.

Sasa, gemu yenyewe haikuelezi kisa chake. Kisa kimekatwa vipande vipande na kutawanywa. Unaokota upanga, unasoma mistari mitatu. Unaokota vazi kuukuu, unakuta jina la mtu aliyekufa zamani. Kazi ya kuunganisha ni yako. Miyazaki amewahi kueleza kwamba alipokuwa mtoto alikuwa akisoma vitabu vya Kiingereza asivyovielewa vizuri, na zile sehemu zilizompita akazijaza mwenyewe kwa mawazo. Gemu zake ziko hivyo hivyo, makusudi kabisa.

Ndiyo maana YouTube imejaa nadharia. Yule Gloam-Eyed Queen ni nani hasa? Wapo wanaosema ni Melina, wapo wanaokataa katakata. Nyongeza ya Shadow of the Erdtree ilipotoka Juni 2024 watu walisubiri jibu. Halikuja, na nadharia zikazidi. Wengi wetu huku hatuna hata mashine ya kuichezea. Tunaangalia video kwenye simu, bando likiruhusu, halafu tunabishana kwenye grupu mpaka saa sita usiku.

Kubishana huko siyo dhambi, usiogope. Kuna mzazi atakuambia gemu zote ni za shetani. Lakini Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025, alikuwa anacheza PlayStation. Alijiwekea kipimo cha saa moja kwa wiki, basi. Alijua kitu kile ni kizuri na alijua mahali pake.

Ninachotaka tukitazame leo ni ile njaa iliyo chini ya mabishano. Kwa nini unataka kujua kilichofichwa? Kwa sababu Mungu amekuumba mtu wa kutafuta maana. Ng'ombe haulizi kwa nini mvua imechelewa. Wewe unauliza. Njaa hiyo ni zawadi, ila kama njaa yoyote, inaweza kulishwa chakula au ikalishwa makapi.

Neno moja, maana mbili

Kiswahili chetu kina neno zuri: fumbo. Fumbo ni kitendawili, maneno yaliyofungwa ili mwerevu ayafungue. Na fumbo ni neno tunalolitumia kanisani: fumbo la Utatu, fumbo la Pasaka, fumbo la imani. Neno ni lile lile, lakini mambo ni mawili tofauti kabisa.

Fumbo la gemu linafichwa ili ulitafute. Kuna mtu amekaa mezani, ameamua lipi lionekane na lipi lisionekane. Na mengine hayana jibu kabisa, ameyaacha wazi ili uendelee kuhangaika. Fumbo la imani ni kinyume chake: Mungu amelifunua, na bado halikuishi. Ni kama Ziwa Basotu. Liko wazi, kila mtu analiona, anachota maji ndoo kwa ndoo, lakini nani amewahi kulimaliza?

Angalia pia mungu wa ile gemu. Anaitwa Greater Will. Yuko mbali, haonekani hata mara moja, hasemi na mtu. Kwa hiyo watu wa ulimwengu ule hawana la kufanya ila kuokota vipande na kukisia anataka nini. Na katika kukisia huko, wanauana. Mungu akikaa kimya namna hiyo, nadharia ndiyo inayogeuka dini.

Mungu wetu amesema. Amesema kwa manabii, na mwisho amesema katika Mwana wake. Siku ya kuhukumiwa, kuhani mkuu alipomhoji Yesu juu ya mafundisho yake, alijibu kwamba amefundisha hadharani, katika masinagogi na hekaluni, wala hakusema lolote kwa siri (Yn 18:20). Ndiyo maana Katekisimu, namba 66, inatufundisha kwamba hatutegemei tena ufunuo mwingine wa hadhara kabla ya Kristo kuja katika utukufu. Hakuna ukurasa wa wokovu uliofichwa kwa ajili ya wajanja wachache wenye bando.

Ule mlima wetu

Kama haya yangeishia kwenye gemu, nisingekuandikia. Shida ni kwamba mazoea ya kutafuta siri hayabaki kwenye simu. Yanahamia kwenye maisha, na kwenye maisha kuna watu wenye machozi.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, asubuhi, baada ya mvua kubwa, tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likiwa na mawe na magogo. Likapita Gendabi, likaingia Katesh. Zaidi ya watu 80 walikufa. Kuna nyumba zilizoondoka na kila aliyekuwa ndani. Wengi wenu mnaosoma hapa mna ndugu, rafiki au mwanakwaya mwenzenu katika hesabu ile.

Mlima Hanang una urefu wa zaidi ya mita 3,400 na asili yake ni volkano, kwa hiyo haraka sana ilibidi wataalamu wachunguze na serikali itoe tamko kwamba volkano haikulipuka. Sehemu ya mlima yenye miamba laini ilinyonya maji, ikazidiwa, ikameguka, ikashuka ikiwa tope. Hayo ndiyo maelezo. Lakini moyo wa binadamu hauridhiki na habari za mwamba na maji. Unauliza: kwa nini sisi? Kwa nini siku ile?

Na hapo mpenzi wa nadharia ana vipande vya kuokota, tena vingi. Siku ile ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio. Injili iliyosomwa ilikuwa Marko 13, Yesu anatuambia tukeshe kwa maana hatujui saa. Na somo la kwanza, kutoka Isaya 63 na 64, nabii anamwomba Mungu apasue mbingu ashuke, na milima itetemeke mbele zake. Umeona? Milima! Somo linataja milima kutetemeka, na mlima wetu umeshuka siku hiyo hiyo. Ukiweka muziki wa kutisha chini yake, tayari una video.

Sasa tulia, tufikiri kama Wakatoliki. Masomo yale yalisomwa Jumapili ile dunia nzima, Roma, Nairobi, Manila, na milima ya huko ilibaki mahali pake. Yalisomwa Majilio ya mwaka 2020, na yatasomwa tena Majilio ya mwaka 2026, kwa sababu yanarudi kila baada ya miaka mitatu, Mwaka B. Kanisa liliyapanga miaka mingi kabla wengi wenu hamjazaliwa. Hakuna aliyeficha msiba wa Katesh ndani ya kitabu cha masomo. Isaya alikuwa anaomba, na ombi lake lilikuwa: Baba, shuka, uwe karibu nasi. Ukiligeuza kuwa msimbo wa siri, umemnyang'anya mtu wa Gendabi sala aliyoihitaji kuliko wote siku ile, ukampa kitendawili.

Mnara wa Siloamu

Yesu aliletewa nadharia kama hiyo. Soma Luka 13. Mnara ulianguka huko Siloamu ukaua watu 18, na watu walikuwa na jibu lao tayari: bila shaka wale walikuwa waovu kuliko wengine. Yesu alisema hapana, waziwazi. Wala hakuwapa nadharia nyingine badala ya ile. Aliwageuzia swali wao wenyewe: ninyi mliosimama hapa mkiwa hai, je, mnatubu?

Katika Yohane 9 mitume walifanya vilevile. Walimwona kipofu wakauliza ametenda dhambi nani, yeye au wazazi wake. Wao waliona kesi ya kuchunguza. Yesu aliona mtu, akainama, akafanya tope kwa mate yake, akampaka macho, na yule mtu akarudi akiona. Kumbuka hilo ukifikiria tope la Hanang. Mikononi mwa Bwana wetu, tope lilitumika kufumbua macho ya kipofu.

Ikikosea, nani analia?

Ukikosea kuhusu Melina, hakuna anayelia. Unafuta maoni yako, kesho unaandika mengine. Lakini nadharia juu ya jirani ina damu ndani yake.

Tunajuana, wana wa Manyara. Mtoto akiugua ghafla, kuna mtu anaanza kuokota vipande: yule bibi anayekaa peke yake alipita hapa juzi; aliangalia ng'ombe wetu; hakula msibani. Vipande vinaungana vizuri, kama video. Na bibi wa watu anakosa wa kumchotea maji. Wazee wetu wa Kiiraqw walikuwa na desturi ya kumtenga kwa muda aliyepatwa na msiba, wakihofia usiwafikie wengine. Walifanya kwa hofu, na tusiwacheke. Lakini sisi tuliobatizwa tunasaliaje na hofu ile ile, tukiipaka rangi mpya za Freemason na Illuminati kwenye status?

Katekisimu namba 2477 inaiita hukumu ya haraka: kuamini, hata kimoyomoyo, kosa la mwenzako bila msingi wa kutosha. Sikia hapo: hata kimoyomoyo. Kwa hiyo hata kabla hujabonyeza kutuma, dhambi inaweza kuwa imeshaingia.

Fumbo linalojibiwa kwa sauti

Lakini wazee hao hao walikuwa na kitu kingine cha kutufundisha. Mnajua slufay, ile sala ndefu ya Kiiraqw. Mzee anasimama mbele ya watu anaomba mvua, amani, uzazi, na watu wote wanaitikia kwa pamoja. Haiombwi chini ya meza. Jambo kubwa kuliko yote, yaani kusema na Mungu, linasemwa mbele ya mtoto na mbele ya mgeni.

Ndivyo ilivyo kwenye Misa. Baada ya mageuzo, padre anatangaza fumbo la imani. Halafu nini? Anatunong'oneza siri? Hapana. Kanisa zima linajibu kwa sauti: mama mwenye mtoto mgongoni, mzee asiyejua kusoma, wewe na simu yako mfukoni. Tunatangaza kifo cha Bwana, ufufuko wake na kuja kwake. Hiyo ndiyo siri ya ulimwengu, na imewekwa mikononi mwa kila mtu ikiwa na umbo la mkate. Mungu aliye chini ya tope la Katesh pamoja na waliofukiwa ni yule aliyezikwa na kufufuka. Hatujui kwa nini siku ile. Tunajua nani alikuwa nao.

Kwa hiyo, wiki hii tufanye matatu:

1. Kabla ya kuamini au kusambaza nadharia yoyote, jiulize: ikiwa si kweli, nani ataumia? Ukipata jina la mtu, futa.

2. Muda ule ule unaotumia kwa video moja ya nadharia, soma Injili ya Marko sura tatu. Usipoelewa, muulize katekista, kama yule Mwethiopia alivyomwomba Filipo (Mdo 8). Hukuitwa kuifasiri peke yako usiku wa manane.

3. Kwenye jumuiya yako yupo aliyefiwa, au anayekwepwa. Nenda kwake. Usimpelekee maelezo. Mchotee maji, palilia naye, kaa naye. VIWAWA na TYCS, hili lifanyeni kwa pamoja.

Tuombe

Bwana Yesu, wewe ulisema hadharani na ukafa hadharani. Tusamehe kwa kila jina tulilolichafua kwa kukisia. Wape pumziko la milele wenzetu wote waliochukuliwa na tope la Hanang, na wafariji waliobaki. Tufumbue macho tukuone kwa jirani aliyetengwa. Wewe unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Bikira Maria, uliyeyaweka mambo yote moyoni ukiyatafakari, utuombee. Mtakatifu Carlo Acutis, utuombee.