ANAYEUGUZA NAYE AUGUZWE



Hapa Tarakea, kwenye miteremko ya Kilimanjaro mpakani na Kenya, mtu hulala akisikia upepo tu migombani. Hiyo ni neema kubwa ya Mwenyezi Mungu, na kila neema ina deni lake. Deni mojawapo ni kuwakumbuka wale ambao usiku wao hauna amani, wakiwemo wauguzi wa hospitali katika nchi zenye vita.

Watazame jirani zetu wa mashariki ya Kongo. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa. Wagonjwa waliuawa vitandani mwao, na wauguzi wao wakauawa pia. Daktari Denis Mukwege, aliyekuwa mkuu wa hospitali hiyo, alinusurika, na mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi mjini Bukavu, ambayo imewatibu maelfu ya wanawake walionajisiwa vitani. Januari 2025, mapigano yalipoingia Goma, hospitali ya Ndosho ilifurika majeruhi, hata wengine wakalazwa sakafuni.

Je, ni mikono ya nani iliyofunga vidonda hivyo usiku na mchana? Ni ya wauguzi, ambao wao wenyewe hawakujua kama watoto wao nyumbani wako salama. Vita hutulia, lakini moyoni mwa muuguzi havitulii. Usingizi humkimbia, akilala huota majinamizi, mlango ukibamizwa hushtuka, pengine moyo hufa ganzi, asiweze kulia wala kucheka. Watu husema, "Huyu ana roho ngumu." La, hasha! Hilo ni jeraha lisilotoka damu.

Wala si dalili ya upungufu wa imani. Nabii Yaakub (a.s.) alihuzunika kwa ajili ya Yusuf mpaka macho yake yakaharibika, na hakuna Mwislamu athubutuye kusema kwamba imani yake ilipungua.

Katika zama za Mtume Mtukufu (s.a.w.), Bibi Rufaida (r.a.) aliwatibu majeruhi katika hema lililokuwa msikitini Madina. Saad bin Muadh (r.a.), aliyejeruhiwa katika vita vya Handaki, aliuguzwa humo. Basi uuguzi uliwekwa pamoja na ibada. Lakini hata ibada ina mpaka. Salman Mfarsi (r.a.) alipomwona Abu Dardaa (r.a.) akifunga mchana na kutaka kusali usiku kucha, alimkumbusha kwamba nafsi yake nayo ina haki juu yake, na Mtume (s.a.w.) akamsadiki Salman. Ikiwa sala ya sunna haikuruhusiwa kuila haki ya nafsi, zamu ya kazi itaruhusiwaje?

Kwa hiyo wakuu wa hospitali yawapasa kuwapa wauguzi mapumziko ya kweli na mtu wa kuwasikiliza kwa siri. Jamaa wasimwambie, "Nyamaza, usahau," bali wamwache aseme.

Nawe msomaji, vita viko mbali nawe, lakini muuguzi yu karibu. Huyu wa kwetu naye hupokea usiku majeruhi wa pikipiki, na pengine humfumba macho mama aliyefariki akijifungua, kisha asubuhi hukemewa kwa kuchelewesha foleni. Utakapofika mbele yake, tanguliza salamu na shukrani kabla ya lawama. Huenda neno lako moja likawa dawa aliyoikosa.

Mwenyezi Mungu Awaponye wanaoponya wengine, na Atujalie tuwe watu wa kushukuru. Amin.