Deni la Mkalimani

Nilipowaambia watu wa nyumbani kwamba nimechagua kusoma Kichina chuo kikuu, mjomba aliuliza swali moja tu: "Sasa hicho Kichina utaongea na nani hapa Kakamega?" Jibu nilikuwa nalo. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ya kwanza ya aina yake barani Afrika, ilifunguliwa mwaka 2005. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilianza kubeba abiria mwaka 2017. Kazi zilikuwepo, na mimi nilizitaka. Swali lililokuja kunishinda ni jingine: ukishaijua lugha ya watu, na wewe ndiye umesimama katikati, uaminifu wako ni kwa nani?

Wiki za mwanzo tulihangaika na toni. Kichina sanifu kina toni nne, na silabi ileile ikibadilishiwa toni inakuwa neno jingine. "Ma" ya sauti ya juu iliyonyooka ni mama. Ikipanda, ni katani. Ikishuka kisha ikapanda, ni farasi. Ikianguka ghafla, ni kutukana au kukaripia. Darasa zima lilicheka, kwamba ukiteleza kidogo tu umetoka kwa mama umeingia kwenye matusi.

Baadaye tukafundishwa tafsiri, na hapo nikakutana na Yan Fu. Mwaka 1898 alichapisha tafsiri yake ya kitabu cha Mwingereza Thomas Huxley, na katika dibaji akataja mambo matatu yanayomsumbua mfasiri: xin, da na ya. Yaani uaminifu, kueleweka, na uzuri wa lugha. Herufi ya xin ina sehemu mbili, mtu na maneno, kama mtu aliyesimama kando ya maneno yake. Niliipenda sana, nikaichora kwenye jalada la daftari. Mwalimu akatuambia pia kwamba Yan Fu mwenyewe alimtafsiri Huxley kwa uhuru mwingi, akiongeza huku na kupunguza kule. Hiyo sikuiandika popote.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mjengo, jengo la ghorofa nje ya Nairobi. Mhandisi alikuwa Mchina, mafundi na vibarua ni sisi. Siku moja alisimama mbele ya ukuta wa mzee mmoja, fundi aliyeanza kujenga kabla mimi sijazaliwa, akapandisha sauti. Alimwita nguruwe mjinga. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba ukuta mwingine ukipinda, mzee aende zake.

Watu wote walinigeukia mimi. Nikasema, "Fundi, anaomba urudie upande huu, haujanyooka vizuri."

Nilijiona mtu wa busara. Si tulikuwa tumesoma habari za mianzi, uso wa mtu, na jinsi Wachina wanavyoona vibaya kumwaibisha mtu mbele za wenzake? Na kwetu je, si tunafundishwa kumsitiri mzee? Nikajiambia nimezitumikia tamaduni mbili kwa sentensi moja. Na kusema kweli, matusi hayo si ya Wachina peke yao. Nimeyasikia kwa Kiswahili safi kutoka kwa manyapara wetu.

Siku tatu baadaye ukuta wa ngazi ulipinda kidogo, mzee akafutwa. Alinikuta getini, mwiko wake ukiwa ndani ya gunia.

"Kijana wangu, kwani siku ile alisema nini haswa?"

Nikamwambia yote. Akanyamaza kidogo.

"Matusi nimeyazoea," akasema. "Lakini hiyo ya kufutwa, mbona hukuniambia? Ningepima mara mbili."

Ningeweza kujitetea kwamba nia yangu ilikuwa njema. Ilikuwa njema, lakini haikuwa ya bure. Utulivu ule ulinifaa mimi kwanza: sikutaka kusimama katikati ya watu wawili wenye hasira, wala kuyatoa matusi yale kwa mdomo wangu mwenyewe. Gharama akailipa mzee. Nilimwamulia, bila kumuuliza, kiasi cha ukweli anachoweza kubeba, mtu aliyelea watoto na kuzika wazazi. Hiyo niliyoiita heshima ilikuwa dharau ya pole pole. Mhandisi alimdharau kwa Kichina, mimi kwa Kiswahili chenye adabu.

Tena sikuwa nimekosea upande mmoja tu. Vibarua walipodai glavu kwa ukali, nilipeleka ombi la unyenyekevu. Mhandisi akaitikia kwa kichwa, akaendelea na simu yake. Angewezaje kujua kwamba watu wamechoka, kama uchovu wenyewe niliuacha njiani?

Kuna rafiki yangu, mkalimani pia, anayepinga. Anasema kazi yetu ni watu wamalize siku bila kupigana, na kwamba tusi halina habari yoyote ndani yake, basi la nini kulibeba? Ana hoja. Lakini tusi na tishio vilitoka katika pumzi moja, na mimi nilivitupa pamoja. Anayezoea kuchuja huishia kuchuja na kile kinachohitajika.

Siku hizi, kabla kikao hakijaanza, naziambia pande zote mbili: nitasema kila mtakachosema. Likija tusi, namwambia mhusika, "Hapa ametukana. Ukitaka neno lenyewe nitakupa." Yeye ndiye anaamua. Wengine husema achana nalo. Wengine hulitaka. Mhandisi mmoja aliposikia sharti hilo alifikiri kidogo, kisha akaianza sentensi yake upya. Kwingine niliambiwa naleta vita, na sikuitwa tena.

Nilisoma Kichina nikidhani kazi ngumu ni toni na herufi. Hizo unazikariri usiku na mchana, mwisho zinakaa. Kusimama kando ya maneno ya mtu mwingine, yakiwa machungu, hakuna mtihani wake.

Nambari ya simu ya yule mzee bado ninayo. Sijampigia.