Nasaha kwa Anayefuata Mzigo Guangzhou

Wewe unayefunga safari ya Guangzhou au Yiwu kufuata mzigo, liweke moyoni jambo moja kabla hujapanda ndege. Mchina unayekwenda kufanya naye biashara atakuvumilia ukikazania bei, lakini ni vigumu akusahau ukimwaibisha mbele za watu. Adabu nyingi za huko, za chai, za viti na za zawadi, zinatokana na hilo.

Tuseme umefika kiwandani kukagua mabegi uliyoagiza. Unafungua boksi la kwanza, zipu zinakwama. Usimpandishie sauti meneja mbele ya mafundi wake, wala usilibwage begi mezani. Pengine atatabasamu tu, na tabasamu hilo usilihesabu kuwa kukubali. Mwite pembeni, mvutie zipu mwenyewe aione, kisha mpe pa kutokea: labda zipu hizi zilitoka kwa muuzaji mwingine, ingefaa zibadilishwe kabla ya kupakia. Ukimstahi hivyo, ni rahisi zaidi akurekebishie. Kumstahi mtu hakukuzuii kudai haki yako. Sampuli uliyoikubali iwe mkononi mwako, na salio la malipo lisitoke kabla hujakagua. Mkataba uwe na muhuri mwekundu wa kampuni, maana huko muhuri ndio wenye uzito kuliko sahihi, na jina la akaunti ya benki lilingane na jina lililo kwenye mkataba. Ukiambiwa utume fedha kwenye akaunti ya mtu binafsi, simama kwanza uulize.

Naye pia atakustahi kwa njia yake. Akisema jambo hili ni gumu kidogo, au kwamba watalitazama tena, mara nyingi amekwisha kukataa. Usimbane atamke hapana. Badilisha ombi.

Katika kusalimiana, anza na mkubwa wao. Jina la ukoo hutangulia, kwa hiyo yule mchezaji mashuhuri wa kikapu, Yao Ming, ni Bwana Yao. Kadi ipokee kwa mikono miwili na uisome kabla ya kuiweka, ingawa siku hizi wengi watakufungulia WeChat tu mpeane mawasiliano.

Mezani subiri uoneshwe kiti. Kile kinachotazama mlango kwa kawaida ni cha heshima. Vijiti usivisimike wima kwenye bakuli la wali, kwani hivyo ndivyo ubani unavyosimamishwa kwa ajili ya wafu. Mtu wa Guangdong, mkoa ulio na Guangzhou, akikumiminia chai, gonga meza taratibu kwa vidole viwili. Hiyo ndiyo shukrani yake. Kuna pia baijiu, pombe kali ambayo mara nyingi huzidi asilimia 50. Kama hunywi, liseme hilo mapema, tangu unapoalikwa ikiwezekana, maana mwenyeji hujisikia vibaya mgeni anapokataa katikati ya karamu. Simama nao, inua kikombe cha chai kwa mikono miwili, na unapogonganisha, ukingo wa chako uwe chini ya cha mkubwa. Hapo umewaheshimu na dini yako umeilinda. Mwislamu amweleze mwenyeji pia habari ya mafuta ya nguruwe, si nyama peke yake. Migahawa ya Wachina Waislamu wa kabila la Hui ipo miji mingi, na Guangzhou kwenyewe kuna Msikiti wa Huaisheng, miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa ya China.

Zawadi njema ni kahawa ya kwenu au kinyago kizuri. Saa ya ukutani acha, huhusishwa na mauti, na vitu vinne vivyo hivyo. Usifunge kwa karatasi nyeupe. Akikataa mara ya kwanza na ya pili, mpe tena kwa upole, wala usishangae asipoifungua mbele yako. Mtumishi wa serikali usimpelekee kitu cha thamani kubwa, utamweka pabaya.

Zingatia kalenda yao. Maonyesho ya biashara ya Canton, yaani Guangzhou, yaliyoanza mwaka 1957, hufunguliwa kila Aprili na Oktoba, lakini wiki ya kwanza ya Oktoba ni sikukuu ya taifa. Mwaka Mpya wao huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, na viwanda hufungwa kwa wiki kadhaa wafanyakazi wakirudi makwao, hivyo oda yako itangulie mapema. Siku hiyo mtumie muuzaji wako salamu, hata kama huna cha kununua, na usizianze kwa kumuuliza kontena limefika wapi.