Kiti Msikitini

Aliyewekewa nyonga ya bandia hatoki hospitali mikono mitupu. Hupewa dawa ya kuzuia damu isigande, gongo au fremu ya kutembelea, na makatazo: asichuchumae, asikunje nne, asiketi kwenye kigoda, asikunje nyonga ikapita nyuzi 90. Makatazo hayo huwa makali zaidi pale daktari alipopitisha kisu nyuma ya nyonga, na mara nyingi hudumu wiki 6 hadi 12. Kwa wengine ni usumbufu wa chooni na wa kuvaa soksi. Kwa Mwislamu jambo ni zito zaidi, maana sijida nayo imo katika makatazo.

Kuswali kitako si uzushi wa zama za hospitali. Mtume Muhammad aliwahi kuanguka kutoka juu ya farasi, akachubuka ubavu wa kulia, akaswalisha akiwa ameketi. Imran bin Huswain, aliyesumbuliwa na bawasiri, alimwuliza afanyeje. Akajibiwa aswali kwa kusimama, akishindwa aketi, akishindwa alale ubavu.

Fumbo liko kwenye huko kushindwa. Kabla ya operesheni mgonjwa wa nyonga hakuhitaji kuambiwa: nyonga iliyolika ilimchoma kinenani kila aliporukuu. Wiki ya tatu baada ya kisu, maumivu yale hayapo. Analala, anajiona mzima, paji la uso lina hamu ya mswala. Mwili unasema naweza. Daktari anasema huwezi, kwani nyama zilizokatwa hazijashikana na kichwa cha bandia kinaweza kuchomoka kwenye kikombe chake. Je, ameshindwa mtu asiyehisi kushindwa?

Wanazuoni wa fikihi wanajibu kwamba ndiyo: hofu ya kudhurika, akiithibitisha tabibu anayeaminika, inahesabiwa kuwa ni kushindwa. Ni rahisi kulisoma jibu hilo, kazi ni kulimeza. Linamtaka mtu amsadiki mwingine kuhusu mwili wake mwenyewe, kisha aijenge ibada yake juu ya kauli hiyo. Lakini mwili si shahidi wa kutegemewa. John Charnley, daktari Mwingereza, alianza kwa kuwawekea wagonjwa vikombe vya teflon; walitembea kwa furaha huku vikombe vikisagika ndani yao, na baada ya miaka michache ikabidi wapasuliwe tena. Novemba 1962, katika hospitali ya Wrightington, akahamia plastiki ngumu zaidi, na hiyo ikadumu.

Na kusimama je? Hapo madhehebu ya fikihi yanatofautiana. Wahanafi wanasema asiyeweza kusujudu halazimiki kusimama, kwa sababu kisimamo ni njia ya kwendea sijida. Safari ikifutwa, njia ya nini? Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, wanasema kila nguzo ina haki yake: awezaye kusimama na asimame, kisha aketi kwa yale asiyoyaweza. Hoja ya Wahanafi ni nzuri kwa mantiki, ila mtaalamu wa mazoezi ya viungo angekuwa Mshafii. Yeye humwinua mgonjwa kitandani siku ileile ya operesheni, au kesho yake, asimame.

Maandalizi huanza kabla ya kulazwa. Mikeka na mazulia yanayoteleza huondolewa. Kiti hutafutwa kigumu, chenye mikono, kirefu kiasi cha magoti kubaki chini ya nyonga. Hata kitini kuna mtego: kuinamisha kiwiliwili nako kunakunja nyonga. Kwa hiyo rukuu huwa ishara ya kichwa, na sijida ishara iliyo chini yake kidogo, bila kuinua mto hadi usoni ili kuusujudia.

Siku mgonjwa anaporudi msikitini huzuka suala jingine. Akiswali kwa kuketi mwanzo hadi mwisho, miguu ya nyuma ya kiti huwekwa sawa na visigino vya safu. Akisimama kwanza, ni miguu yake inayolingana na safu, na kiti kinabaki nyuma, mahali pa paji la uso la mtu mwingine. Ndiyo maana mwenye kiti mara nyingi huonekana pembeni kabisa mwa safu, karibu na ukuta, gongo limeegemezwa dirishani.