Je, Alipaye Karo Ndiye Achaguaye?

Kijana amemaliza kidato cha nne, matokeo yametoka, na sasa ni kuchagua kozi ya chuo. Baba anataka uhasibu. Kijana anataka ualimu. Mama yuko katikati. Ndipo nyumba nyingi husikia: "Karo nimelipa mimi, ng'ombe nimeuza mimi. Atasomea nitakalosema."

Karo ni nini hasa? Ingekuwa mkopo, baba angekuwa na haki ya kudai. Lakini hakuna mtoto aliyetia sahihi mkataba akiingia darasa la kwanza. Ni ninyi mlioulizwa siku ya ndoa, mbele ya padre, kama mko tayari kupokea watoto na kuwalea, mkaitikia. Karo mnailipa kwa ahadi hiyo.

Katekisimu ya Kanisa ya mwaka 1992 inatenganisha mambo mawili tunayoyachanganya. Utii kwa wazazi hukoma mtoto anapojitegemea; heshima haikomi (namba 2217). Na namba 2230 yasema mtoto akishakuwa mtu mzima ana haki na wajibu wa kuchagua kazi yake na hali yake ya maisha. Wazazi washauri, wasimshurutishe. Sikieni neno hilo, wajibu: ukimchagulia kila kitu, umembebea mzigo ambao ni wake.

"Lakini huyu wa miaka 17 anajua nini?" Swali hilo lina uzito. Kitambulisho anachopewa akifika miaka 18 hakiji na akili ndani yake. Kwa hiyo mazoezi yaanze mapema. Wa miaka 14 apewe pesa akanunue viatu vyake mwenyewe. Akinunua vibaya, avivae. Na maadamu bado analala kwenu na kula kwenu, saa ya kufunga mlango mnaipanga ninyi.

Mama naye asimpe kijana pesa kwa siri ili amkwepe baba. Hapo kijana hajifunzi uhuru, anajifunza kupitia mlango wa nyuma. Bishaneni chumbani, mtoke na neno moja.

Na huyu wa ualimu? Baba ana haki ya kumuuliza maswali magumu. Amtume akakae siku nzima na mwalimu aliyehitimu ambaye bado anangoja kuajiriwa na TSC, asikie yote. Akirudi jioni na bado anataka ualimu, baba aanze kutafuta nauli ya kumfikisha chuoni.