Haki Yako Imeandikwa kwa Lugha Gani?

Kifungu cha 8 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kinasema kutojua sheria si utetezi. Ukishafanya kosa, huwezi kusimama kizimbani ukamwambia hakimu kwamba hukujua kuwa ni kosa. Kanuni hii ina maana yake, kwani bila hiyo kila mshtakiwa angejitia ujinga na hakuna kesi ambayo ingefika mwisho. Lakini nami nina swali. Anayenilazimisha niijue sheria, hana wajibu wa kunijulisha?

Nikisoma historia ya sheria, naona wajibu huo ulitimizwa kidogo kidogo, tena mara nyingi kwa kudaiwa. Ni mara chache wakubwa waliamka asubuhi wakaamua kwa hiari yao kuwagawia watu elimu ya haki zao.

Tuanze na Hammurabi, mfalme wa Babeli, yapata miaka 1750 kabla ya Kristo. Aliagiza sheria zake, ambazo leo wataalamu wanazihesabu kuwa 282, zichongwe kwenye jiwe jeusi lenye urefu unaozidi mita mbili. Wachimbaji wa Kifaransa walilikuta Susa, nchini Iran, mwaka 1901, na sasa liko kwenye makumbusho ya Louvre jijini Paris. Wengi tunalijua jiwe hilo kwa "jicho kwa jicho". Ukweli ni kwamba jicho kwa jicho lilikuwa la waungwana kwa waungwana. Aliyemtoboa jicho mtu wa kawaida alilipa fedha, na aliyelitoboa jicho la mtumwa alimlipa bwana wake nusu ya bei ya mtumwa huyo. Kwa hiyo kuandikwa peke yake hakuifanyi sheria iwe ya haki. Hata hivyo, mwishoni mwa maandishi yale mfalme anasema kwamba mtu aliyedhulumiwa aje mbele ya jiwe, asomewe, ajue neno linalohusu shauri lake. Wababeli wengi hawakujua kusoma, naye alilijua hilo. Ndiyo maana alisema wasomewe.

Roma ilichukua njia ya ugomvi. Watu wa kawaida walichoka kuhukumiwa kwa sheria zilizohifadhiwa vichwani mwa koo chache na makuhani wao, wakadai ziandikwe. Mwaka 451 na 450 kabla ya Kristo zikaandikwa katika Mbao Kumi na Mbili, zikawekwa hadharani mjini. Hata hapo makuhani walibaki na silaha mbili: kalenda ya siku ambazo mashauri yaliruhusiwa kusikilizwa, na maneno maalumu ambayo mdai alipaswa kuyatamka bila kukosea, maana akikosea shauri limekufa. Mwaka 304 kabla ya Kristo karani mmoja, Gnaeus Flavius, mtoto wa mtu aliyewahi kuwa mtumwa, alivitangaza vyote viwili hadharani. Wakubwa walikasirika, lakini siri ilikuwa imeshatoka.

Uingereza, ambako sehemu kubwa ya sheria zetu imetoka, nayo ilikuwa na kisa chake. Baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066, wanasheria walikuja kuzoea kubishana mahakamani kwa Kifaransa na kuandika kumbukumbu kwa Kilatini, huku mkulima anayeshtakiwa akijua Kiingereza tu. Mwaka 1362 Bunge lilitunga sheria ya kutaka mashauri yaendeshwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawakielewi Kifaransa. Sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Ilipita karibu miaka 370 mingine ndipo sheria ya mwaka 1731, iliyoanza kutumika mwaka 1733, ikaviondoa Kilatini na Kifaransa kwenye kumbukumbu za mahakama. Hata wakati huo wapo wanasheria walionung'unika, wakiona Kiingereza hakijakomaa kubeba mambo mazito ya sheria. Msomaji wangu, maneno hayo si mageni masikioni mwetu.

Wakati huo huku kwetu Mhaya au Msukuma hakuhitaji mkalimani ili ashtaki au ashtakiwe. Wazee walikaa, kila upande ukasema, na mila iliyotumika kuamua aliisikia tangu utotoni. Waingereza walipopewa Tanganyika walikuja na sheria zao, na tarehe 22 Julai 1920 ikawekwa kuwa mpaka: sheria za Uingereza kama zilivyokuwa siku hiyo ndizo zitakazotumika hapa, pamoja na nyingine zilizochukuliwa India. Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967 ina damu ya Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, iliyoandikwa na Mwingereza, James Fitzjames Stephen. Kwa hiyo hoja inayobishaniwa leo mahakamani Singida inaweza kuwa imevuka bahari mbili.

Hapo ndipo wengi wetu huanza kulilia mila. Mimi siendi huko moja kwa moja, maana mila nazo zilijua kudhulumu. Mwaka 1963 Serikali ilizikusanya na kuzitangaza rasmi mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Humo ikaandikwa kwamba mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo maishani mwake, ila hawezi kuiuza. Mwaka 1988 mama mmoja wa Kihaya, aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake, aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Ndugu wa ukoo akaenda Mahakama ya Mwanzo, akashinda: mauzo batili. Mama akakata rufaa Mahakama ya Wilaya, naye akashinda. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya alisema wazi kwamba mila inayombagua mwanamke hivyo inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Akatamka kwamba wanawake wana haki sawa na wanaume katika kuuza ardhi hiyo.

Hukumu hiyo inafundishwa vyuoni hadi leo, na inastahili. Lakini iliandikwa kwa Kiingereza. Mamilioni ya wanawake waliopewa haki siku ile hawakuweza kuisoma karatasi iliyowapa. Waliposhindwa kuisoma, ndugu wa ukoo waliendelea kuwaambia vijijini kwamba mila ni ile ile.

Ukikaa kwenye korido za mahakama zetu utaona jambo hilo kwa umbo dogo. Hukumu imesomwa, watu wametoka, na mzee wa watu amemshika wakili wake mkono wa koti akiuliza, "Mwanangu, tumeshinda au tumeshindwa?" Kesi ni yake, shamba ni lake, ila matokeo anayapata kwa kuambiwa, kama jirani aliyepita njia.

Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama zote, si Mahakama za Mwanzo peke yake. Pia iliachwa nafasi ya kutumia Kiingereza pale haki inapohitaji. Nafasi hiyo ni ya lazima, lakini isigeuzwe mlango mkuu ambao kila mtu anapitia. Na Kiswahili chenyewe kinaweza kuwa kizito kuliko Kiingereza, kama mwandishi atarundika "hivyo basi" na "kwa muktadha huo" hadi mwenye kesi apotee. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mimi naongeza kwamba anayepewa haki aisome mwenyewe.

Basi ombi langu ni kwa pande mbili. Waheshimiwa majaji, mahakimu na mawakili, andikeni kama mnaowaandikia wenye mashamba, kwa maana wao ndio watakaoishi na hukumu zenu. Nawe mwananchi, ukimaliza shauri omba nakala ya hukumu, uiombe kwa Kiswahili, uisome neno kwa neno, na usipoelewa uliza hadi uelewe. Kifungu cha 8 hakitakuhurumia kwa kutojua. Na wewe usiwahurumie wanaokuficha.